Tuta Lililofumuliwa

Jembe lilimponyoka Ottilia kwa mara ya tatu asubuhi ile, likabingirika hadi shimoni. Hakulifuata. Alikaa juu ya tuta, akaukalia mkono wa kulia, akasubiri utetemeke mpaka uchoke. Haukuchoka. Aliyechoka ni yeye.

Shamba lake pale Litembo liko kwenye mteremko ambao mgeni akiuona huuliza watu wanalimaje. Wanalima kwa ngolo: nyasi hupangwa miraba, mwanamke huchimba udongo wa katikati na kuzifukia, yakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikija, maji hukaa shimoni badala ya kukimbia na shamba. Kwa kazi hiyo Ottilia alikuwa bingwa, tusifichane. Na ilimpasa awe bingwa, maana shamba ni la ukoo wa marehemu mumewe, na ukoo humwachia mjane shamba maadamu analiweza.

Sasa je? Wiki mbili nyuma aliona matuta matano yamepata nyufa. Akafanya alivyofanya miaka yote: akayafumua yote kwa mpigo, akatoa nyasi zilizooza ili aweke mpya. Zamani angemaliza kabla jua halijawa kali. Safari hii alifunga mawili, mkono ukagoma. Saa nane mvua ikashuka, maji yakapita palipo wazi, yakasomba maharage ya wifi yake Siwema, dada wa marehemu, mwenye shamba la chini.

"Wifi siku hizi anakunywa," Siwema aliwaambia wenzake kisimani. "Mtazameni mikono."

Maneno yalimfikia Ottilia siku ileile. Yalimuuma sana, lakini hakuyakanusha. Mlevi angalau anaweza kuacha pombe, akaachiwa shamba.

Jumanne alikwenda hospitali. Daktari Othmar, kijana mpole, alimpa shikamoo, akamtembeza hadi mlangoni na kurudi, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada. Kisha akautaja ugonjwa: Parkinson. Chembe za ubongo zinazoongoza mwendo zinakufa. Vidonge vingepunguza mtetemo. Kuponya, hapana.

"Kwa nini zife?"

"Hatujui yote, mama. Ndani ya kila chembe kuna vinasaba, ndiyo maagizo ya mwili. Kila siku vinapata majeraha, na kuna vimeng'enya vyenye kazi ya kuvikarabati. Kimoja hukata palipoharibika, vingine huja kujaza na kufunga. Kuna watafiti waliochunguza minyoo midogo. Waliona kwamba kile cha kwanza kikikata kwa bidii, na kazi isimaliziwe, yale mapengo yanaumiza kuliko jeraha lenyewe. Kwa binadamu bado wanachunguza."

"Kumbe fundi ndiye anayebomoa."

"Si kwa ubaya, mama. Anafanya kazi yake."

"Najua," alisema Ottilia. "Hilo nalijua sana."

Ndiyo maana leo alikuja alfajiri kuyafunga yale matatu. Mpaka saa nne alikuwa amefunga moja. Wingu zito lilikuwa linapanda kutoka upande wa ziwa. Chini kule Siwema ameinama, anapanda maharage upya.

Akimwita, atajua. Siwema akijua, ukoo umejua, na shamba huenda likapewa mwingine. Asipomwita, maharage yale yataondoka mara ya pili. Ottilia alilitazama wingu, akautazama mgongo wa wifi yake, akajikuta amechoka hata kuogopa.

"Wifi," aliita. "Njoo na jembe."

Siwema alipanda mteremko akiwa amenuna.

"Silewi, wifi. Naumwa ugonjwa wa kutetemeka. Hauponi."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Ukaona heri nikuite mlevi?"

"Kuliko ukoo uniite asiyeweza, ndiyo."

Siwema aliutazama mkono ule, kisha akaanza kuchimba. Ottilia alipanga nyasi, akizikandamiza kwa goti zisitawanyike, na mwenzake akafukia. Walifunga la kwanza, wakafunga la pili. Matone yalikuwa yameshaanza Siwema alipoona ufa kwenye tuta jingine, akainua jembe.

"Hilo usilifumue," Ottilia alisema. "Kwa mvua hii tutalimaliza saa ngapi?"

"Lina ufa."

"Liache na ufa wake. Tutalifungua siku ya kulifunga."

Siwema alishusha jembe polepole. Mvua ikashuka kwa nguvu zote. Mashimo yakaanza kujaa, moja baada ya jingine, na matuta yakashika. Siwema aliingia shimoni, akaliokota lile jembe la wifi yake, akalisuuza, akaliweka begani pamoja na lake. Akatangulia kushuka. Hakusema kama anambebea tu, au analichukua moja kwa moja na shamba pamoja nalo.

Ottilia alimfuata kwa hatua fupi, macho yake kwenye jembe lile.