Juisi ya Saa Moja, Mbio za Saa Sita

Mbio zilipangwa kuanza saa moja asubuhi. Ilipofika saa nne, Eustakio alikuwa bado juu ya baiskeli yake pale Nachingwea mjini, mguu mmoja chini, namba kumi na saba mgongoni, na jua la Oktoba limeshapanda. Mgeni rasmi hajafika. Bila mgeni rasmi hakuna wa kupuliza filimbi, utadhani filimbi ile ilitengenezwa kwa midomo ya wakubwa tu.

Siku hiyo Eustakio alitaka kitu kimoja: jina lake la ubatizo lisomwe kwenye spika kule Ruangwa, mbio zinakoishia, watu wa kijiji chake cha Nkowe walisikie. Nkowe nzima ilikuwa imelisahau. Kwa miaka mingi alikuwa mnywaji wa uraka, ile pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, mpaka jina la pombe likamganda. Watoto walimwita Uraka. Wenye maduka walimwita Uraka. Mkewe Dionisia alimwita Baba Rogath, na akikasirika, naye alimwita Uraka vilevile. Sasa ulikuwa mwaka na miezi miwili tangu aache, hajaonja hata kwa ncha ya ulimi, lakini jina lilikataa kuondoka. Kuacha pombe ni kazi ya mtu mmoja. Kuacha jina ni kazi ya kijiji kizima, na kijiji kina uvivu wake.

Aliyemfundisha mbio ni mzee Kashinje, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa, ambako ujana wake wote alishindana kwa baiskeli. Kashinje alimwachisha chai ya rangi na maandazi, akampa viazi vitamu na maziwa ya mgando. Alimkataza kungoja kiu, kwa sababu ukiisikia umeshachelewa. Lakini kilichomuudhi Eustakio kuliko vyote ni saa ya mazoezi. Wiki tatu, kila siku, jua la utosi, kupanda na kushuka vilima vya Matambarale, huku wenzake wakifanya yao alfajiri kwenye ubaridi.

"Mbio ni za saa moja, mzee," alilalamika. "Unanikaanga bure."

"Nimeshindana mara kumi na nne huko kwetu," Kashinje alijibu. "Sijawahi kuona mgeni rasmi aliyewahi. Lizoee jua, bwana, ndilo utakaloshindana nalo."

Basi mgeni rasmi alifika saa sita kasoro, akahutubia nusu saa nzima juu ya faida za michezo na umuhimu wa kutunza muda. Hakuna aliyethubutu kucheka. Ndipo filimbi ikalia.

Kashinje hakukosea. Kabla hawajafika Nkowe, vijana wa alfajiri walianza kuishia mmoja mmoja chini ya mikorosho, wengine wakitapika. Eustakio alitoka jasho mapema na jingi, kama mwili wake ulivyokwisha kuzoea, na moyo ulienda mwendo wake bila papara. Akabaki yeye mbele, na namba tisa nyuma yake kwa mbali.

Nkowe walimwona. "Uraka! Kaza, Uraka!" Walimshangilia kwa moyo mweupe kabisa, na kila sauti ilimchoma.

Kwenye kituo cha maji hakukuwa na maji. Yalikuwa yamekadiriwa kwa mbio za asubuhi, na wagawaji walikaa juani kutwa wakiyanywa wenyewe. Kupokea maji kwa watazamaji ni kosa, unatolewa. Akapapasa chupa yake. Dionisia alikuwa amemkamulia juisi ya mabibo jana jioni, akatia chumvi kidogo kama mzee alivyoelekeza, ili saa moja asubuhi iwe tayari. Kwa mbio za saa moja ingefaa.

Kifuniko kikaruka, pwaa! Povu likamrukia usoni, na harufu aliyoijua kuliko ya nyumba yake ikampanda puani. Juisi ilikuwa imechacha. Kashinje aliufikiria mwili, Dionisia alifikiria asubuhi, na chupa iliyokaa juani nusu siku hakuna aliyeifikiria.

Akamlaani mgeni rasmi, na hotuba yake, na wote waliompigia makofi. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa, na kilima cha mwisho kilimngoja mbele. Fundo moja tu, nani angejua? Angejua yeye. Akakumbuka neno la Kashinje, kwamba maji ya kichwani ni nusu ya maji ya kunywa. Akaimwaga chupa yote kichwani na shingoni, akakanyaga pedali.

Alimaliza wa kwanza. Kornel, mwenyekiti wa kamati, alikuja na mkono tayari wa pongezi, akafika karibu, akaurudisha.

"Huyu ananuka uraka."

"Sijanywa! Nimejimwagia!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nani hujimwagia pombe? "La kuvunda halina ubani!" mmoja akapaza sauti. Kisha spika ikakohoa: "Mshiriki namba kumi na saba, Eustakio, ameondolewa kwa sababu ya ulevi." Jina lilisomwa vizuri, halikukosewa hata silabi moja.

Dionisia alipenya katikati ya watu, akamshika mumewe mashavu. "Fungua mdomo." Akaunusa mbele ya umati, bila haya, bila haraka. Kisha akamgeukia Kornel.

"Miaka kumi na moja nalala na mdomo huu. Hata nikiwa usingizini naujua umekunywa au haujanywa. Hajanywa."

"Mama, kamati haifuati pua ya mke."

Ilikuwa imefuata pua ya mwenyekiti, lakini hilo halikuandikwa popote. Namba tisa akapanda jukwaani. Kashinje akatikisa kichwa na kusema ng'ombe wa maskini hazai, akaenda kuketi peke yake.

Eustakio alikaa chini vumbini, machozi yakichanganyika na uraka usoni. Dionisia akamletea maji, akangoja ayamalize yote.

"Eustakio," akasema. "Simama, twende nyumbani."

Aligeuka kutazama ni nani anayeitwa.