Mfuko wa Kulia

Uliiona ile picha. Usiniambie hukuiona. Imebandikwa ukutani mwa posta tangu Jumatatu, kubwa kama mlango wa zizi, na posta unakwenda kila siku. Wanaume saba wamelala chini mbele ya geti la kiwanda cha tumbaku, na juu yao maandishi mekundu yanatangaza mchezo wa sikukuu ya mji wetu. Ukatupa jicho, ukakaza mwendo. Ulikuwa na haraka. Mji huu mzima hushikwa na haraka ukifika kwa wale saba.

Zdravka Tosheva hakukaza mwendo. Miaka thelathini na mmoja ametunza mavazi ya ukumbi wetu wa maigizo, na jicho lake halipiti nguo bila kuisalimu. Aliweka kikapu cha pilipili chini, akasogea hadi pua ikakaribia karatasi. Wa tatu kutoka ukuta wa kiwanda ni babu yake, Rusi. Picha yenyewe anayo nyumbani, ndani ya kopo la biskuti, anaijua kama kiganja chake. Lakini hii ya posta ilikuwa na jambo limekaa kombo, na hakuling'amua mpaka alipofika kwenye ngazi za ukumbi.

Mfuko. Mfuko wa kifuani wa babu ulikuwa umehamia kushoto.

Zamani koti likipauka, maskini hakununua jingine. Alilipeleka kwa fundi, likafumuliwa lote, kitambaa kikageuzwa, cha ndani kikawa nje, likashonwa upya. Likapata uso mwingine wa miaka mitano. Ila mfuko wa kifuani, ambao kwenye koti la kiume hukaa kushoto, ulijikuta kulia. Ukimwona mtu na mfuko kulia, ulijua bila kuuliza: huyu hana. Wale saba waliogoma mwaka 1931 na kupigwa risasi getini, wote mifuko yao ilikuwa kulia.

Kwa hiyo Zdravka, alipoambiwa avishe wagomaji saba, aligeuza makoti sita kwa mkono wake, mwezi mzima, vidole vikachanika. La saba halikuhitaji kugeuzwa. Lilikuwa la Rusi mwenyewe. Bibi alilitia kiraka palipopita risasi, mjomba akalivaa miaka tisa mingine.

Alikuwa akilipiga pasi pale mwongozaji alipoingia stoo. Kaloyan Vuchkov, kijana wa mji mkuu, skafu shingoni hata Julai. Mikononi alibeba suti saba mpya ndani ya nailoni.

"Mama Zdravka, pumzisha pasi. Mavazi ya wagomaji hayo."

Zdravka alifunua moja. Bitana ya hariri. Kola imekaa kama mbawa za njiwa.

"Hawa ni wafunga tumbaku au mabwana harusi?"

"Zawadi ya mfadhili."

"Mfadhili gani?"

Kaloyan alichezea skafu. "Bwana Kutsarov."

Babu yake Kutsarov huyu ndiye aliyekuwa na kiwanda. Mjukuu amekifanya hoteli. Geti ni lile lile, limepakwa rangi ya dhahabu.

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio," Zdravka alisema, "na hii mmeazimwa na aliyewavua."

Pembeni, juu ya sanduku la kofia, Penyo alicheka mpaka makombo ya mkate wa jibini yakamruka mdomoni. Penyo ndiye anayemwigiza Rusi. "Mimi nipeni hiyo ya hariri. Nikifa jukwaani, angalau nife kama waziri!"

"Nyamaza, mzee, utakufa na mdomo umejaa." Akamgeukia kijana. "Maneno ya mchezo hamkugusa hata moja, eti?"

"Hata moja, mama."

"Hamna haja. Mtu akiona vijana saba wamevaa hivi, atasema mwenyewe: hawa hawakuwa na njaa, hawa walitumwa na kulipwa. Umebadilisha nguo tu, na umewaua mara ya pili."

"Wapo wanaosema hivyo hivyo, kwamba walilipwa na watu wa nje. Mimi nijuaje? Halafu makoti yako yana kasoro, mfuko uko kulia. Makoti ya vigeugeu!"

"Koti ndilo lililogeuka, mwanangu. Mwenyewe hakugeuka, ndiyo maana alipigwa risasi."

"Kwenye picha mfuko uko kushoto!"

"Kwenye yenu."

"Ile ya zamani ilichapwa kinyume. Tumeirekebisha."

Zdravka alikwenda nyumbani, akarudi na kopo la biskuti, akaiweka picha chini ya taa. Kando, pale ambapo bango la posta limekatwa, amesimama polisi. Upanga wake unaning'inia nyonga ya kushoto.

"Hii ndiyo iko kinyume? Basi niambie, polisi gani alivaa upanga kulia? Achomoe kwa mkono gani? Mmeipindua picha, kisha mkamkata huyu, maana angewaumbua."

Kaloyan alitazama upanga muda mrefu. Masikio yalimwiva.

"Paa la ukumbi linavuja, mama," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtoto. "Kutsarov ameahidi paa. Ni paa au makoti. Ungekuwa mimi?"

"Ningelowa."

Kaloyan alipotoka, Penyo alivaa koti la Rusi, kimzaha tu. Mkono ukaenda kifuani kutafuta sigara, ukakuta kitambaa kitupu. Ukapapasa. Ukasimama.

"Mkono wangu umepotea njia, Zdravka."

"Hata mikono yao ilikuwa ikipotea miezi ya kwanza. Baadaye ikazoea."

Penyo hakucheka tena. Alilivua polepole, kama mtu anayemvua maiti.

Jana asubuhi Zdravka alikuta kufuli jipya mlangoni mwa stoo. Nyuma ya ukumbi, kwenye pipa la taka, juu ya viti vilivyovunjika na maganda ya tikiti, makoti yake saba. Aliyatoa moja moja. Penyo akatokea na suti ya hariri, akaona, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, dada. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao."

"Ingia mazoezini," alimwambia. "Utachelewa kufa."

Akaingia.

Na leo ni Jumamosi. Pazia linafunguliwa saa moja jioni, Kutsarov atakaa mstari wa mbele, na Zdravka amesimama mlango wa nyuma, sita mkononi, la Rusi mwilini, mfuko kulia. Waliopita wamemtazama, wakakumbuka wana haraka.

Wewe pia babu yako alikuwa na koti la namna hiyo, na ulifundishwa kulionea haya. Unalo lako hapo msumarini. Litungue, ligeuze, bitana nje, mfuko kulia. Nenda ukachukue yale sita mkononi mwa Zdravka, uwagawie jirani zako, mkakae mbele, mbele kabisa, Penyo awaone kabla hajaanguka. Usinimalizie kusoma ukiwa umekaa. Inuka. Geuza koti.