Panya Aliyekuja Kuchukua Dawa Yake

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya friji ya zahanati yangu, nimevaa koti la kazi, na wagonjwa wamepanga foleni kwenye rafu ya mayai. Friji ya dawa haipaswi kuwa na rafu ya mayai. Sikuwa na wa kumlalamikia.

Wa kwanza ni Shangazi Mize. Begani ana gauni la sare ya harusi ya bintiye, ambalo fundi amelishona kwa vipimo vya mwili mwembamba ambao shangazi anatarajia kuwa nao siku ya harusi. Mkononi ana kichupa cha peptidi, aina ya protini fupi ya kuchoma ili kupunguza unene, alichonunua kwenye kundi la WhatsApp.

“Nichome sindano, mwanangu. Uliniahidi.”

Ni kweli, nilimwahidi nikiwa macho: asubuhi hii, kabla ya chai.

Kichupa cha insulini kilicho jirani kinakohoa. “Mimi pia ni peptidi,” kinasema. “Nina jina, kipimo na tarehe ya kuisha. Muulize huyo mwenzangu anaitwaje.”

Nakiuliza.

“Sijui,” kinajibu kichupa cha shangazi. “Tumboni wameniandika tu: kwa utafiti, si kwa binadamu.”

Papo hapo friji inakuwa ukumbi wa harusi. Baridi inabaki vilevile. Panya mweupe aliyefunga tai anatokea nyuma ya meza kuu.

“Samahani kwa kuchelewa, daktari. Hiyo dawa ni yangu.”

“Una uthibitisho?”

“Mimi si binadamu.”

Sikuona kasoro katika hoja hiyo.

“Hebu toka hapa na mkia wako!” shangazi anafoka. “Nitachomwa mimi.”

“Hakuna shida, mama,” anasema panya kwa upole. “Ila lazima uwe panya kwanza.”

Masharubu matatu yanachomoza kwenye shavu la shangazi.

“Mwanangu,” ananong’ona, “wakwe watanionaje?”

Namuuliza panya wenzake waliochomwa walipata nini.

“Walikonda. Mmoja hakuamka. Hatukuelezwa kwa nini.”

Natia sindano mfukoni. “Shangazi, sikuchomi. Sijui kilichomo humo, sijui kipimo chake, na sijakupima sukari wala figo. Tupime kwanza. Ukihitaji dawa, tutaanza na iliyosajiliwa, kwa kiasi kidogo.”

“Na gauni?”

Panya analigeuza, anachungulia mishono. “Mgonjwa ni gauni,” anasema. “Niachieni mimi.”

Masharubu yakadondoka, nikaamka. Mtu alikuwa anabisha mlango.

Gauni lilikuwa limening’inia ukutani chumbani kwangu, pale pale shangazi alipolitundika jana ili linikumbushe ahadi. Lakini mishono ya ubavuni, kulia na kushoto, ilikuwa imefumuliwa, tayari kuongezwa upana. Nyuzi zilikatwa kwa meno madogo sana, na kitambaa hakikuwa na hata tundu moja.

Nilifungua mlango. Shangazi Mize alisimama kizingitini akijipapasa shavu.

“Mwanangu,” alisema kabla ya salamu, “ile sindano basi, siitaki tena.”