Siku Volkano Ilipoingia Dukani

Mtaa mzima wa Birere ulimjua Mama Perpétue kwa jambo moja: hakununua kitu kwa bei yake. Mume wake Henri alikuwa mwalimu, na tangu waasi washike mji, mshahara ulikuwa kama mvua ya kiangazi. Kwa hiyo Perpétue aliilisha nyumba kwa macho na kwa miguu. Alijua maharagwe ya Masisi hushuka bei lini, na samaki wa Vitshumbi waliochelewa njiani huuzwa saa ngapi. Zaidi ya yote, alilijua kapu la Papa Onésime.

Papa Onésime, Mnande wa Butembo, alikuwa na alimentation kubwa, duka la vyakula, katikati ya mji, rafu zimejaa mpaka darini. Karibu na mlango aliweka kapu la vitu vilivyopata ajali: makopo yaliyobonyea, biskuti zilizovunjika, mifuko ya sukari iliyopasuka ikafungwa tena. Vyote viliuzwa nusu bei, na Perpétue alitaka nusu ya hiyo nusu. Waligombania kapu hilo miaka mingi, kwa heshima, kama ndugu.

Ndipo Januari ile ya 2002 volkano ya Nyiragongo, juu ya mji, ikapasuka. Asubuhi watu waliona moshi tu. Alasiri moto ulikuwa umeshapita kijiji cha Munigi na kuingia mjini, na barabara zilijaa watu wenye magodoro vichwani. Henri aliwashika watoto ili wakimbilie Gisenyi, ng'ambo ya mpaka.

"Tangulieni," Perpétue alimwambia. "Kule leo hata mkate utakuwa bei ya nyama. Napita kwa Papa Onésime, nawafuata."

"Mama, acha!" Henri alisema.

"Na watoto watakula nini?"

Alimkuta Papa Onésime amesimama mbele ya duka, mikono mgongoni, anatazama upande wa juu wa barabara. Hata salamu hakuitika. Perpétue akageuka kuangalia alichokuwa anakiangalia.

Ukuta mweusi ulikuwa unashuka barabarani, mrefu kuliko nyumba. Haukukimbia. Ulitembea kama muzee anayerudi kwake. Kila ulipojisukuma mbele, ngozi yake ilipasuka kwa sauti ya sahani zinazovunjika, na ndani yake palionekana wekundu ambao jicho halikuweza kuukazia. Nguzo ya umeme iliwaka kama kijiti cha kiberiti kabla haijaguswa. Perpétue alifanya ishara ya msalaba, akasahau kuimaliza.

"Mama Perpétue," Papa Onésime alisema polepole, "ingia. Leo hakuna bei. Beba unachotaka."

Aliingia. Mikono yake, bila kumuuliza, ikaenda moja kwa moja kwenye kapu na kuanza kuchagua makopo yaliyobonyea.

"Mama!" Papa Onésime alipiga kelele, na katikati ya kelele ile kicheko kikamtoka. "Chukua yale mazima!"

Akatoka mlangoni, akawaita wapita njia. Perpétue aliogopa. Katika vita alishaona maduka yakivunjwa, watu wakikanyagana kwa mfuko mmoja wa unga. Lakini siku hiyo walioingia waliinamisha vichwa kama watu waingiao kanisani. Mutu alichukua unga, mwingine maziwa ya mutoto, wakasema "Aksanti, papa," wakatoka. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Joto lilikuwa limeshafika kwenye migongo yao.

Mwishowe walibaki wawili. Papa Onésime akavuta kiti, akakaa nyuma ya meza yake.

"Wewe nenda. Duka hili vita hazikuliweza."

"Hii si vita, papa."

"Najua. Nenda."

Perpétue alimtazama. Kisha akanyanyua gunia la mchele, akalitua mapajani mwa muzee.

"Hili sitaliweza peke yangu. Watoto wangu wako Gisenyi na njaa. Nibebee, papa, nakuomba."

Muzee aliliangalia gunia, akamwangalia yeye. Akasimama, akalitia begani.

Walipofika kwenye kona walisikia bati za paa zikilia, wakageuka. Ukuta wa nyuma ulianguka ndani, na moto ukaingia kati ya rafu bila haraka. Makopo yakaanza kupasuka, moja, kisha mengi pamoja. Halafu ikaja harufu ambayo hawakuitegemea: sukari. Magunia yote ya sukari yalikuwa yanaungua, na barabara nzima ikanukia utamu, utamu mzito. Watu waliokuwa wanakimbia walipunguza mwendo, wakanusa, wakatazamana kwa mshangao.

"Mungu wangu," Papa Onésime alinong'ona. Machozi yalimtoka, lakini hakuweza kuondoa macho yake.

Usiku huo kule Gisenyi mchele wa Papa Onésime ulilisha familia yote ya Henri na majirani wengi, naye akala nao chini, kwenye mkeka. Baadaye alifungua duka jingine, dogo, upande wa Katindo, ambako moto haukufika.

Lakini kwanza walirudi mjini wote pamoja. Mji ulikuwa umekatwa na jiwe jeusi, bado la moto chini ya viatu. Walipokuwa katikati yake mvua ikanyesha. Jiwe lote likatoa mvuke mara moja, mweupe, mpaka Perpétue hakumwona Henri aliyekuwa amemshika mkono. Mbele, ndani ya weupe ule, watu wasioonekana walikuwa wanaitana majina, na majina yakaitikiwa.