Mwanamke Mwenye Mwanya

Mume wangu alipoanza kunyoa ndevu kila anapokwenda maktaba, nilijua kuna jambo. Mimi si mtoto. Huyu ni mtu aliyefanya kazi ya mabomba maisha yake yote, mji mzima ukamwita Bwana Maji kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga maji ya mitaa, na miaka yote hiyo ndevu zake zilisubiri mpaka mimi nipige kelele. Leo amestaafu, hana bosi wa kumkagua, ndio anajipaka mafuta mpaka nyuma ya masikio. Kwa ajili ya vitabu? Vitabu havina macho.

Nilimuuliza anafanya nini huko. Akasema anaandika. Nikamuuliza anaandika nini, akasema mambo ya zamani, kisha akatoka na shati nililompigia pasi kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiniambia gauni limepungua lenyewe kabatini, najua kilichoongezeka ni nini.

Nikanyamaza, lakini macho sikuyafumba.

Haukupita muda mrefu mkutubi mwenyewe akaja barazani kwangu na kitambaa cheupe chini ya kwapa. Mwanamke wa makamo, mrefu, mchangamfu, na akicheka meno ya mbele yana mwanya mzuri ambao sikuupenda. Akanieleza kwamba kitabu cha mume wangu kimetoka kwa mchapaji, nakala chache tu, na maktaba itamwandalia jioni yake. Waandishi wote waliowahi kuitembelea maktaba yetu walitoka mbali, wakaletwa na gari, wakasoma, wakapewa maji ya kunywa, wakaondoka. Hii ingekuwa mara ya kwanza mwandishi kuja kwa miguu. Alitaka nimpindie kitambaa cha meza.

"Wifi, pindo liwe jembamba," akasema.

Wifi tangu lini? Dada zake mume wangu nawajua wote, hata yule aliyenikopa sufuria akahama nayo. Halafu nilipompa chai, akaniambia bila kufikiri kwamba Bwana Maji yeye chai yake haitaki sukari. Nikapinda kitambaa, na pindo likatoka limenyooka, maana hasira zangu haziingii kwenye kazi.

Usiku huo nilimwambia mume wangu anipe kitabu nisome. Akasema hajaleta nyumbani hata kimoja, kwamba ni afadhali nimsikie akisoma mwenyewe siku ile. Aliyasema hayo akiangalia kamba za viatu vyake. Nakala mbili tatu zilikuwa pale maktaba kwa ajili ya kila mtu, lakini kwenda kumpigia magoti yule mwanamke aniazime kitabu cha mume wangu, hapana. Heri nife sijui kusoma.

Aliyeniletea habari ni msusi, jirani yangu, ambaye hadithi za watu huzimaliza kabla wenyewe hawajazianza. Alikuwa ameazima kitabu. Nikiwa nimekaa kati ya magoti yake, kioo mbele yetu, akaniambia humo ndani kuna mwanamke amependwa jamani, amependwa mpaka msomaji anaona wivu. Jina hana, anaitwa "yeye" tu. Ana mwanya.

"Na mimi nimo?" nikamuuliza.

Akasema hajafika mwisho. Kwenye kioo macho yake yalinikwepa, na vidole vyake vikawa vyepesi kichwani mwangu ghafla, kama anamsuka mgonjwa. Tangu siku hiyo nikaanza kuona watu wanavyonitazama. Muuza nyanya aliniongezea nyanya bila kuombwa. Watu hawakuongezei nyanya bure. Wanakuongezea wakijua kitu ambacho wewe hukijui. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Basi nikaongea na kaka yangu. Nikamwambia kama mambo ni hivyo ninavyoyaona, nitachukua cherehani yangu na nitakuja kwake. Kaka akasema chumba kipo. Nikaamua nitakwenda kwenye hiyo jioni, nimsikie mwanamume niliyeishi naye akimsifu mwanamke mwingine mbele ya kitambaa nilichokipinda mimi, kisha nirudi nyumbani nifunge mizigo.

Siku ilipofika walikuwa wamesogeza makabati ya vitabu ukutani na kupanga viti vya plastiki walivyoazima shule ya msingi. Feni ilikuwa inagonga juu ya vichwa vyetu. Binti wa mume wangu alikuja kutoka mji anakofanyia kazi, akakaa ubavuni kwangu. Mama yake alifariki, binti akiwa bado ananyonya. Mimi nilimkuta anatambaa, nikamlea, ananiita Mama. Nilitaka kumwambia ninayoyajua juu ya baba yake, nikaona nimwache kwanza afurahi.

Mkutubi akapita mstari kwa mstari akigawa vikaratasi. Ana mtindo wake huo: mwandishi mmoja aliwahi kuja, watu wakaona haya, hakuulizwa hata swali moja, akaondoka amenuna. Tangu hapo mkutubi hutunga maswali mwenyewe na kuwagawia watu wayaulize kama yao. Mimi akanipa lililosema: Mwandishi hupenda kuandika asubuhi au jioni? Kanipa mimi, ninayejua hata anakohoa saa ngapi. Nikakikunja kikaratasi, nikakiweka kwenye mkoba.

Bwana Maji akasimama na miwani yake, ndevu hana, shati limenyooka. Akaanza kusoma. Alisoma juu ya kijana fundi anayerudi nyumbani na tope la mitaroni mpaka kiunoni, na mwanamke anayemsubiri uani na ndoo ya maji. Akimwona hivyo hucheka, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja kwa sababu anauonea haya mwanya wake.

Hapo nikamtazama mkutubi. Alikuwa ameegemea mlango, anatabasamu, mwanya wake uko nje anga zima likiuona. Mwanamke yule hajawahi kuziba mdomo wake kwa chochote. Nikahisi kitu kinalegea kifuani, nikakikatalia kulegea. Mtu anaweza kutia chumvi.

Mume wangu akafungua ukurasa mwingine. Yeye amejifungua. Amemshika mtoto wa kike, anamgeuza miguu, anasema: "Vidole vyote amevichukua kwako, mimi nimebakia kuzaa tu." Ubavuni kwangu binti alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji. Kisha akaanza kulia, polepole, huku akiangalia viatu vyake.

Ndipo nikamjua yeye ni nani.

Picha yake iko ukutani kwetu, sebuleni. Mimi ndiye ninayeifuta vumbi tangu nilipoingia nyumba ile. Ni picha ya kitambulisho iliyokuzwa, na amefunga mdomo. Miaka yote nimemfuta yule dada uso wake, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba alikuwa na mwanya.

Mnadhani nilifurahi? Angekuwa mkutubi, ningempa vidonge vyake palepale, na msusi angepata cha kusimulia mpaka mwakani. Marehemu utamwambia nini? Hazeeki, hakoromi, haunguzi mboga. Nikaelewa na zile nyanya: watu hawakunihurumia kwa kuibiwa mume. Walikuwa wamesoma kitabu mpaka mwisho, wakaona kwamba mimi simo. Iliniuma kuliko nilivyojiandaa kuumia.

Watu wakapiga makofi. Maswali ya mkutubi yakaulizwa na wenye vikaratasi, mume wangu akayajibu. Kisha mkutubi akaninyooshea mkono, akasema sasa tumsikie mke wa mwandishi. Nikasimama. Mkoba sikuufungua.

"Mwandishi," nikasema, "mke wa pili yuko ukurasa wa ngapi?"

Mkutubi akainamisha uso. Mume wangu akavua miwani, akaifuta na kitambaa cha meza, kwenye pindo langu.

"Hayumo," akasema.

Sikukaa.

"Yule nilianza kumsahau," akasema. "Sauti yake imeshanitoka. Nikaona na kicheko kinaondoka, na mtoto wake hana hata picha moja mama yake akicheka. Nikaogopa kukwambia wewe, nikaandika. Sasa wewe nikuandike kwa nini? Asubuhi hii tu umenigombeza kwa ajili ya taulo."

Watu wakacheka, wengine kwa kupata nafuu. Mimi sikucheka. Maneno matamu nayavuta kwanza kama ninavyovuta kitambaa kipya, nione kama yatachanika. Nilikaa, binti akanishika mkono, na sikuutoa.

Tulirudi kwa miguu. Nikamuuliza swali lililokuwa limebaki.

"Na ndevu?"

"Nilikuwa nakwenda kukaa na marehemu," akasema. "Niliona si vizuri kwenda mchafu."

Lilinichoma, siwezi kuficha. Lakini mtu anayetaka kukudanganya hasemi jambo kama hilo. Nilipofika nilimpigia kaka yangu simu, nikamwambia chumba ampangishe mtu mwingine. Kisha nikaenda kusimama mbele ya ile picha, nikautazama ule mdomo uliofungwa, nikijaribu kuufungua.

Siku hizi anaandika kitabu kingine, cha mabomba na mitaro. Anakwenda na ndevu zake, mimi ndiye ninayemwambia anyoe. Akirudi namwekea chai na kumuuliza kama kawaida:

"Mimi nimo?"

"Hapana."

"Vizuri," namwambia.

Lakini mwanamume ni mwanamume. Akiingia kuoga nafungua mkoba wake, nazipitia karatasi zote, moja moja, nikijitafuta. Nisipojikuta, nazirudisha kama zilivyokuwa, naenda kumgombeza kwa kumaliza maji.