Kizingiti cha Kuzuia Bahari

Jumamosi ya pili ya Mei, saa tatu asubuhi, meli ya abiria ilifika Kitengela ikaegesha kwenye nyasi, nyuma ya soko la mbuzi. Ilikuwa na ghorofa tisa. Wauzaji walisogeza mbuzi wao kidogo, mama mmoja akaanua nguo zisishike moshi, na kazi ikaendelea. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwaka huo, na nyasi zikiwa ndefu meli hufika Namanga bila shida.

Soipan, mshonaji wa sare za shule, alikuwa wa kwanza kupanda. Daraja la kupandia lilikuwa pana, na kiti chake cha magurudumu kilipita bila kusukumwa na mtu. Mlango wa chumba chake, ghorofa ya tano, ulichorwa alama ya kiti kama hicho kwa rangi ya buluu. Ndani, choo kilikuwa na nafasi na vyuma vya kushikilia, na kitanda kilikuwa cha kimo chake. Alizunguka chumba kizima mara mbili, kwa raha tu ya kwamba kilizungukika.

Kisha akafungua mlango wa roshani, na magurudumu ya mbele yakagonga kizingiti cha chuma, kirefu kama kiganja.

Sasa, Soipan hakupanda meli ili alale. Saa sita meli ingepita Kisaju, mbele ya boma la mama yake. Tangu ajali iliyomweka kwenye kiti, miaka kumi na minane iliyopita, mama ndiye aliyekuwa akiinama ili amwekee mkono kichwani na kumbariki. Mwaka huu mgongo wake ulikataa kabisa kuinama, na mara ya mwisho walipoagana mkono wa mama uliishia hewani. Jambo hilo lilimuuma Soipan kuliko ajali yenyewe. Akamwambia mama, "Yeyo, safari hii nitapita juu. Wewe simama tu uniangalie." Lakini akibaki ndani ya chumba, angeonwa na mawingu tu.

Alimwita Ouko, mhudumu wa ghorofa.

"Pole, Mum. Hiyo kitu iliwekwa ya kuzuia maji ya bahari isiingie kwa room."

"Bahari gani, Ouko?"

Ouko alichungulia nje. Kulikuwa na pundamilia wanne na shamba la nyanya.

"Sijui, Mum," alisema, maana alikuwa kijana mkweli.

Akaja Mutunga, msimamizi wa vyumba, na faili yake. Alieleza kwamba chumba kilikaguliwa na wakaguzi wanne kikapita. Wote wanne walitoka hadi kwenye roshani kwa miguu yao wakapigwa picha.

"Tunaweza kukubeba, madam. Ni vijana wawili tu."

"Mimi si gunia la viazi. Na pale mlangoni mmechora wheelchair, hamjachora vijana wawili."

Mutunga alikubali kwamba ni kweli hawakuchorwa, akaondoka na faili yake.

Soipan akampigia simu dada yake, Naisenya, aliyeko Kisaju. "Kuna kizingiti."

"Kirefu aje?"

"Kiganja."

"Basi ni karai tatu," alisema Naisenya.

Umaasaini kujenga nyumba ni kazi ya wanawake, na fundi hana haja ya kuona mlango ili ajue kipimo cha tope. Karibu na Kisaju meli ilisimama kupisha ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hawapishi meli, na wanawake sita, Naisenya akiwatangulia, wakapanda na makarai yao: samadi mbichi, udongo na majivu. Walikanda palepale chumbani huku wakiimba. Ouko alikunja mikono ya shati akasaidia, akaambiwa anapaka kama mtu anayepaka mkate siagi. Walisiriba mteremko upande wa ndani na mwingine upande wa nje, wakailainisha kwa viganja.

Kwa kawaida kazi kama hiyo hukauka kwa siku mbili. Hii ilikauka kabla chai haijaisha, kwa sababu jua liliteremka hadi ghorofa ya tano kusaidia. Wanawake walisogea kidogo lipate pa kukaa.

Meli iling'oa nanga. Soipan akapanda mteremko, akashuka, akawa nje. Upepo ulimpiga usoni akacheka kwa sauti. Mutunga, aliyekuwa akipita, alimpiga picha.

Chini, mbele ya boma, mama alikuwa amesimama na kibuyu cha maziwa.

"Takwenya!" aliita, akimwamkia binti yake.

"Iko, Yeyo!"

"Haya, leo itauma shingo, si mgongo!"

Alichovya nyasi mbichi kwenye maziwa akarusha juu. Matone yalipanda ghorofa zote tano yakatua utosini mwa Soipan, yakiwa bado na joto. Soipan alilia kwa furaha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumatatu chumba kilifanyiwa usafi. Kwenye fomu mteremko uliandikwa "uchafu", ukakwanguliwa. Mutunga alisimamia mwenyewe mpaka kizingiti kikang'aa. Halafu akabandika kwenye faili picha ya Soipan akicheka kwa moyo wote kwenye roshani, na chini yake akaandika: "Roshani inafikika. Hakuna marekebisho yanayohitajika."

Soipan ameshaagiza chumba kilekile kwa safari ya Novemba. Naisenya ameanza kuweka akiba ya majivu.