Mtoto wa Ukoo wa Uhasibu

Jana usiku, nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto kama nesi alivyoagiza, niliota nimelazwa kujifungua ndani ya folda.

Folda naijua. Ni ile ya majaribio kazini, ya kundi la Uhasibu, yenye herufi S mlangoni. Kazi yangu ni kupima amri za kompyuta zinazotoa na kunyima ruhusa, na S hiyo ina maana moja: chochote kinachozaliwa humo kinachukua kundi la folda, si la aliyekizaa.

"Hongera," inasema S. Imejikunja juu ya mlango kama nyoka aliyeshiba. "Mtoto atakuwa wa ukoo wa Uhasibu."

"Hata jino hajaota!"

"Atazaliwa na kikokotoo."

Uchungu unabana. Mume wangu, Ambakisye, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anatafuna karanga.

"Uhasibu si mbaya, Mama Lwitiko," anasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. "Wana bima."

Niliipa folda amri ileile ya kazini, tarakimu tatu za ruhusa: saba, tano, tano. Faili la kawaida ukiliambia hivyo, S yake inadondoka. Chumba kikatetemeka, kikageuka jiko la mama mkwe. S ipo palepale, juu ya mlango wa jiko.

"Mimi ni ya folda," ikasema. "Sitoki kwa kusahauliwa. Nikataliwe waziwazi."

"Na nani?"

"Wale wazee."

Kando ya mafiga wameketi sifuri wawili wanene, wanaota moto.

"Nyie, kaeni mbele ya saba. Haraka!"

Hawakugeuka.

"Kaingia bila hodi," akasema wa kwanza.

"Alifundishwa kwamba sifuri ikitangulia haina thamani," akasema wa pili. "Ana diploma."

Uchungu ukanikata kiuno. Nikapiga magoti.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahabaa!"

Wakainuka, wakajikung'uta majivu, wakasimama mbele ya saba. Sifuri, sifuri, saba, tano, tano. S ikabanduka, ikatumbukia kwenye sufuria ya mchuzi.

"Safi," akasema Ambakisye. "Sasa mtoto ni wa ukoo wangu."

"Ni wa aliyemzaa," wakasema sifuri. "S ikitoka, sheria ndiyo hiyo."

Karanga ikampalia. "Ukoo wa mama? Ngojeni kwanza! Irudisheni hiyo S, tuzungumze kiutu uzima."

"Sukuma, binti," wakaniambia.

Nikasukuma, nikaamka.

Kumekucha. Ambakisye anakoroma, tumbo langu lipo mahali pake. Simu ikatetemeka. Ni ujumbe wa Tumpale, ninayefanya naye kazi.

"Dada, si uko likizo ya uzazi? Nani kaitoa ile S kwenye folda ya Uhasibu? Halafu humo kuna faili jipya, lina kilo tatu na nusu. Kundi lake si Uhasibu, ni la kwako. Halijapewa jina. Tuliite nani?"

"Nani huyo asubuhi yote hii?" akauliza Ambakisye, macho kafumba.

"Wa kazini," nikasema, nikampa mgongo, nikaandika jina la baba yangu.